Kapu la Udongo wa Kichuguu: Maisha ya Mama Hortense Ngoie wa Panda

Padri wetu, wakubwa wa serikali wa komini yetu, jamaa ya kwao na jamaa ya mume wake, majirani wa Panda na wa Shituru, na ninyi akina mama wa Kapu Moja ambao hamjaketi chini tangu juzi, familia imemkabidhi karatasi hii mdogo wa marehemu, Isidore Kalenga, mfyatuaji wa matofali, mtu ambaye alimsumbua marehemu kuliko binadamu wote, na pengine wamemkabidhi kusudi aone haya mbele ya watu. Maneno yameandikwa na wapwa zake, naye ameahidi kuyasoma yote jinsi yalivyo, hata pale anapotajwa yeye mwenyewe, na anatajwa mara nyingi. Sauti ikimkatika, mtamvumilia.

Mama Hortense Ngoie alizaliwa tarehe 7 Septemba 1928, katika kijiji kilichokuwa nusu siku ya mwendo kutoka Shinkolobwe, penye mgodi wa urani, mtoto wa pili wa marehemu François Kalenga, aliyekuwa mchimbaji katika mgodi ule, na wa marehemu Albertine Kabamba, mkulima wa mtama na mihogo. Ni mama yake aliyemfundisha jambo ambalo lilikuja kuwa maisha yake yote, yaani kuonja udongo, kwa maana kabla ya kulima mahali, mama yule alichota chembe kwa ncha ya kidole, akaiweka ulimini, akangoja kidogo, akatema, kisha akasema kama ni udongo mchungu, au mkali, au mtamu, na mtoto alipotimiza miaka sita alikuwa anaitambua tofauti hiyo vizuri jinsi sisi tunavyotambua chai iliyotiwa sukari. Familia ilipohamia kambini Shinkolobwe, mama akamkataza kabisa kuonja udongo wa pale, ambao ulikuwa na rangi za njano na kijani zisizoonekana kwingine, wala hakumweleza sababu, kwa kuwa mwenyewe hakuijua. Marehemu kila alipotusimulia hayo alishusha sauti, maana hakuacha hata siku moja kumstaajabia mama yake.

Mwaka 1936 wazazi walihamia Likasi, ambayo wakati ule iliitwa Jadotville, na kuanzia Septemba 1937 hadi Julai 1942 marehemu alisoma kwa masista, akajifunza kusoma, kuhesabu, katekisimu na kushona, akamaliza mwaka wa tano. Cheti chake kilitundikwa ukutani miaka arobaini na zaidi, na leo kiko kwa binti yake, kimeliwa na mchwa pembe moja, jambo ambalo marehemu alikataa katakata kulikasirikia.

Tarehe 15 Juni 1946, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Théodore Kabeya, kijana aliyetoka upande wa Kasai, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba pale Shituru, ingawa jamaa za pande mbili zilinung'unika, kila upande ukidai kwamba upande wa pili haujui kupika. Walipewa nyumba ya vyumba viwili katika kambi ya Panda, na katika nyumba hiyo Mungu aliwajalia watoto saba, kati ya mwaka 1947 na 1963, wawili wakatangulia wakiwa wachanga, watano wako hapa mbele yenu, na miongoni mwao tutamtaja Eugénie, wa nne, aliyezaliwa tarehe 22 Oktoba 1954, kwa kuwa historia hii itamrudia.

Vijana waliozaliwa juzi hawawezi kujua maisha ya kambi yalivyokuwa siku zile. Kila baada ya wiki mbili posho ilifika kwa gari, unga, maharagwe, samaki wakavu na mafuta, na mtu alikuwa anaikumbuka siku ya posho kuliko siku aliyozaliwa mtoto wake. Wanawake waliokuja kutoka vijijini na mbegu za mama zao kwenye vitambaa walizichemsha wakazila, au wakawamwagia kuku, na walipomwona marehemu anajaza mahindi na maharagwe ndani ya chupa, anayachanganya na majivu, anafunga vizuri na kupanga chupa hizo kwenye uchaga juu ya moto, walimcheka, na jirani yake Mama Philomène, ambaye leo machozi yake hayakauki, alimwuliza mbele ya wengine, "Juu ya nini unachunga mbegu, na bunga inatuya na kamio?" Marehemu aliendelea kupanga chupa zake.

Mwaka 1967 migodi ikawa ya taifa, watu wakacheza barabarani, Baba Théodore akacheza mpaka kofia ikapotea, na marehemu, ambaye hakucheza, akachukua jogoo mmoja tarehe 3 Februari 1968 na kwenda kwa mwenye ardhi, nyuma ya Panda, kuomba mahali pa kulima. Alipewa kipande ambacho hakuna aliyekitaka, udongo mwekundu na mchungu, miti ya miombo imekatwa yote kwa makaa, na katikati yake vichuguu viwili, kimoja cha urefu wa nyumba na kingine kikubwa zaidi, ambacho mtu akisimama kichwani mwake anaona moshi wa Shituru. Aliuonja udongo wa shamba akatema. Aliuonja udongo wa kichuguu, na siku hiyo, kama alivyosema mwenyewe, alisikia utamu wa shamba la mama yake ulimini, akapiga magoti pale pale.

Sasa tunafika kwenye kosa, na marehemu aliagiza kosa hili lisifichwe. Wakati wa kiangazi cha mwaka 1969 alimwita mdogo wake Isidore, wakakipiga kichuguu kidogo kwa sururu siku kumi na moja mpaka kikalala, nusu ya udongo ikaenda shambani na nusu ikawa matofali ya Isidore, ambayo yalikuwa matofali mazuri kuliko yote aliyowahi kuchoma, na mwaka uliofuata mahindi yalirefuka mpaka watu wakatoka Shituru kuja kuyaangalia. Lakini kufikia mwaka 1973 udongo ulikuwa umerudia uchungu wake, mvua ilikuwa inapita juu bila kuingia, na pale kichuguu kilipokuwa pamebaki upara, hapaoti nyasi, hapatoki kumbikumbi ambao sisi hapa tunawaita inswa, wala ule uyoga mpana ambao mmoja unatosha sufuria. Marehemu alipiga magoti katikati ya upara ule, akaonja, akalia kama anayelia mtu. "Minye njo niliua hii kitu, Isidore," alisema, "weye ulinisaidia tu." Isidore aliona dada yake amechanganyikiwa na jua, akaenda zake akicheka.

Kilichofuata ndicho kinachotufanya mpaka leo tushangae. Mwaka mzima marehemu alikuwa akienda kuketi mbele ya kichuguu kikubwa, si kuomba, kama wengine walivyomsingizia, bali kuangalia, na aliona kwamba mchwa wanapandisha udongo kutoka chini sana, mahali ambapo mzizi wa mahindi hauwezi kufika, na kwamba kila msimu mvua inaosha sehemu ya udongo huo na kuuteremsha mpaka miguuni pa kichuguu, nao mchwa wanajenga tena bila kukasirika. "Angalieni," aliwaambia watoto, akiwaonyesha mchwa kazini, "banatumika bote, na hakuna moja mwenye analala njaa." Hapo ndipo alipoweka sharti lake, ambalo watoto wetu wanalijua kabla hawajajua Baba Yetu: kamata pa miguu, acha pa kichwa. Mtu achukue ule udongo ulioteremshwa na mvua, baada ya mavuno, kapu kwa kapu, wala jembe lisiguse mwili wa kichuguu, wala mti usikatwe kivulini pake.

Shamba lilianza kupona mwaka 1974. Mwaka uliofuata bei ya shaba ilianguka huko inakoamuliwa, posho ikapungua, kisha ikaanza kuchelewa, na wanawake waliokuwa wamewamwagia kuku mbegu za mama zao walianza kupita mlangoni kwa marehemu mmoja mmoja, Mama Philomène akiwa wa kwanza, macho yake yakitazama chini. Marehemu hakumkumbusha neno lolote, alipanda juu ya kigoda, akashusha chupa. Jumapili tarehe 19 Oktoba 1975, baada ya misa, wanawake kumi na wawili walikutana uani kwake na kuanzisha Kapu Moja, na utaratibu wake haukuhitaji karatasi: ukichukua kapu moja la udongo wa kichuguu, unarudisha kapu moja la maganda, majivu na samadi ya kuku kwenye shamba la jirani, na siku moja ya mikono yako, ukipewa kopo moja la mbegu, unarudisha makopo mawili, lako na la yule ambaye bado hajafika. Mke wa mkubwa mmoja alipokuja na pesa mkononi ili asishike jembe, marehemu alimwangalia kwa upole akasema, "Hii makuta yako inajua kulima? Basi, itume kesho asubui." Mama yule alikuja mwenyewe asubuhi, na mpaka leo ni mmoja wao.

Kufikia mwaka 1980 walikuwa wanawake mia mbili na arobaini, wa Katanga, wa Kasai na wa kila upande, kutoka Panda mpaka Shituru, hawana mwenyekiti wala kiti, na upande wa bonde ambao ulikuwa mwekundu mtupu ulikuwa na mahindi, maharagwe, mboga za lengalenga na sombe, na miombo ikaanza kuchipua upya kwenye visiki. Baba Théodore, ambaye mwanzoni alikuwa na aibu wenzake wa kazini wasimwone na maganda, alipostaafu mwaka 1979 alifunga kapu kwenye baiskeli na kuzunguka kambi nzima akikusanya takataka za jikoni huku akipiga kengele, hadi Mungu alipomwita tarehe 9 Mei 1984. Katika miaka ambayo posho ilikatika, tuliozaliwa katika nyumba hizi tulikula, na tulikula kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa anaonja udongo. Hatujui namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Sasa Isidore atasoma yale yanayomhusu, na asiruke mstari. Katika kiangazi cha mwaka 1981 mkubwa mmoja wa mtaa, ambaye jina lake halitatajwa kwa kuwa jamaa yake imeketi nasi hapa, alitaka kujenga ukumbi wa matofali ya kuchoma, akaagiza kwamba kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, Jumamosi tarehe 4 Julai watu wote waje na majembe kwenye kichuguu kikubwa, maana hakuna udongo unaotoa tofali kama ule, na fundi aliyemwita alikuwa Isidore. Mtu huyu alijua maana ya kichuguu kile kwa dada yake. Lakini alikuwa na watoto sita na hakuwa na kazi tangu Pasaka, akakubali, akapanga vibao vya kufyatulia chini, tayari.

Watu walifika wengi, kwa kuwa salongo haikuwa jambo la kukosa, na mkubwa alikuwa amesimama pale na abakosi yake mpya, koti la wakubwa wa siku zile. Kichuguu kile kikianguka, udongo wa mashamba mia mbili na arobaini unaanguka nacho, kila mwanamke aliyekuwepo aliijua hesabu hiyo, hata hivyo wote walikuwa wamekuja na majembe. Marehemu alifika kwa miguu, amevaa kitenge cha kanisani, akamsalimia mkubwa kwa heshima, akaomba ruhusa awaonyeshe watu kitu kimoja kabla kazi haijaanza. Aliongoza umati mzima hatua mia mbili mpaka kwenye ule upara, akapiga magoti, akasema kwa sauti ya kawaida, "Hapa ilikuwa kichuguu. Minye niliiua, minye na mudogo wangu ule. Tangu myaka kumi na mbili hata majani haiote." Kisha akainuka na udongo katika mikono miwili, kushoto udongo wa upara, kulia udongo aliotoka nao miguuni pa kichuguu kikubwa, akainyoosha yote kwa mkubwa. "Onja, Citoyen," alimwambia mkubwa. "Kiisha utuambie tufanye nini."

Mkubwa hakuonja. Alitazama mikono ile, akatazama watu, na dada mtu alibaki amenyoosha mikono, hakuna wa kumpokea. Isidore alikuwa amemcheka dada yake kwa ajili ya ulimi wake maisha yake yote. Hakuweza kuvumilia kuiona mikono ile ikiachwa hewani mbele za watu, akasogea, akachota kushoto, akaonja, akatema, akachota kulia, akaonja, na huo wa kulia hakuutema. Aliumeza. Kisha aliviokota vibao vyake kimoja kimoja, akaviweka kwapani, akasema, "Minye sipike matofali ya hapa," na watu wakaanza kurudi nyumbani na majembe yao.

Jioni hiyo ndugu hao wawili walifungwa kwenye ofisi ya mtaa, kila mmoja chumba chake, kwa siku tatu. Asubuhi na mchana wanawake wa Kapu Moja walikuja kwa mstari, kila mmoja na bakuli la bukari, yaani ugali, na inswa wakavu, na kila mmoja alileta chakula cha wafungwa na cha walinzi pia, bila kugomba na bila kuimba, wanaweka chini, wanasalimia, wanaondoka, mpaka ofisi ikakosa mahali pa kukanyaga. Siku ya tatu mlango ulifunguliwa, wakatoka. Ukumbi ulijengwa baadaye kwa udongo wa kando ya mto na fundi mwingine, na Isidore naye amehamishia tanuri yake upande wa mto hadi leo, ambapo matofali yake hayafanani na yale ya mwaka 1969, naye anayesoma anakiri.

Marehemu alianza kuugua moyo mnamo Agosti 1987, miguu ikivimba, pumzi ikiwa fupi, lakini aliendelea kufika shambani akiwa ameketi nyuma ya baiskeli ya mumewe, inayosukumwa na wajukuu. Tarehe 11 Januari 1989 alichota udongo kama kawaida, akauweka ulimini, akangoja, akangoja tena, na uso wake ukabadilika. "Siko nasikia kitu," alisema. Hatukuwahi kumwona na hofu mpaka siku ile. Alimgeukia Eugénie, ambaye tangu utotoni alikuwa anaona kinyaa kwa jambo hilo na watu wote wanajua, akamnyooshea kidole chenye udongo, na Eugénie akafumba macho akaonja, kisha akachota mwenyewe wa chini ya mihogo, akaonja tena. Mama akamwuliza, "Iko namna gani?" Eugénie akajibu kwamba huu umechoka, unahitaji makapu mawili, na ule wa pale, chini ya mihogo, ni mtamu. Mama akacheka mpaka akakohoa, na kutoka siku ile hakuonja tena, alimwachia binti yake kazi hiyo.

Alilazwa hospitalini tarehe 20 Februari, akafariki siku ya Jumanne tarehe 14 Machi 1989, saa kumi na moja jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na miezi sita, siku hiyo hiyo alipoletewa mahindi mabichi ya kwanza ya mwaka, ambayo aliyashika mkononi tu. Ameacha watoto watano, wajukuu ishirini na watatu, vitukuu wanne, na mdogo mmoja. Mwaka 1972, majina ya ubatizo yalipokatazwa, karatasi zake zote ziliandikwa Ngoie Kalenga, lakini shambani na kanisani aliendelea kuwa Hortense, na kwenye msalaba wake tumeandika Hortense.

Limebaki jambo moja, na ni la jana. Jana asubuhi wazee wa pande zote mbili waliketi, wakakubaliana kwamba mama wa namna hii hawezi kulala chini ya kilima cha udongo kama maskini, ajengewe kaburi la matofali ya kuchoma mvua zikikatika, yaliyo bora kuliko yote, na hakuna aliyetaja mahali, lakini macho yote yalielekea upande wa kichuguu kikubwa. Isidore, yule aliyemeza udongo, yule aliyefungwa siku tatu, akasimama na kusema kwamba kwa Yaya, yaani dada yake mkubwa, inawezekana, kidogo tu, upande wa nyuma. Alisema hayo kwa mapenzi, hakuwa na kitu kingine cha kumpa dada yake isipokuwa matofali. Akachukua sururu akaanze kuchimba, na Eugénie akamkuta langoni pa nyumba ya marehemu.

Eugénie hakumgombeza mjomba wake. Alimpa tu maneno ambayo mama yake aliyaacha hospitalini, wiki moja kabla ya kufa, na tunayasoma jinsi yalivyotoka kinywani mwake: "Najua Isidore atataka kunijengea na kichuguu yangu. Mumwambie, minye sitaota muhindi. Ile udongo mupatie benye kulima. Minye munizike na ile ya makaburi, ile ya buchungu, itanitosha." Sururu iko pale pale langoni, mtaiona mkipita.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mlangoni pa kanisa mmeona makapu kumi na mawili. Ni udongo uliochotwa leo alfajiri miguuni pa kichuguu, Eugénie ameuonja kapu kwa kapu. Kila mmoja achote konzi moja, lakini tukifika makaburini asiumwage kaburini, aende nao nyumbani, aweke kwenye shina la chochote alichopanda, na asiyepanda kitu amwone Mama Philomène, anazo chupa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana bila kuchoka, majirani wa Panda waliopika na kulala nasi katika kilio hiki, wenzake Baba Théodore wa Shituru waliobeba jeneza begani, padri na kwaya yake, wale walinzi wawili wa mwaka 1981 waliokuja jana kusimama uani kwa heshima, na akina mama wa Kapu Moja, ambao hatuna neno la kuwatosha.

Yaya Hortense, mdogo wako amesoma yote bila kuruka mstari. Pumzika kwa amani, kichuguu kingali kimesimama.